Kibaraza Chini ya Njia ya Ndege

Nilikulia Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba ya vyumba sita, korido katikati, ua nyuma, baraza mbele. Maisha yote yalikuwa barazani. Ndani tuliingia kulala na kukimbia mvua. Kwa hiyo mwaka 2013, tulipofika Louisville, Kentucky, tukakabidhiwa funguo za fleti ya ghorofa ya tatu, zulia la kijivu, dirisha linatazama maegesho ya magari, nilimwambia Baba Neema usiku uleule: hapa tumefikia, hatujafika.

Tulikaa pale miaka sita. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Yeye anafanya zamu ya usiku uwanja wa ndege, kwenye kupanga vifurushi. Asubuhi moja nimetoka kazini, barabara kuu imefungwa kwa ajali, basi likapitia mtaa nisioujua. Nikaona safu ya nyumba fupi, pana, mapaa yameinama mbele kama kofia iliyovutwa hadi kwenye nyusi, na kila nyumba ina kibaraza kipana sawa na nyumba yenyewe. Kwenye kimoja ameketi bibi, bakuli mapajani, anamenya maharage mabichi. Nikashuka kituo kilichofuata, nikarudi kwa miguu na viatu vya kazini, nyayo zinawaka moto, nikichungulia nyumba za watu kama mwizi.

Mwenzangu kazini, Mmarekani mweusi mzaliwa wa hapahapa, ndiye aliyenipa jina: bangalo za Craftsman. Nilipolichimba neno hilo nikacheka peke yangu. Bangalo limetoka Bara Hindi, bangla, nyumba ya Kibengali, ya chini, yenye baraza. Waingereza wakaibeba, ikafika California, ikaenea. Baraza limezunguka dunia nzima likaja kunisubiri Kentucky.

Na Craftsman lilikuwa jina la jarida la Gustav Stickley, mtengeneza samani wa jimbo la New York, lililotoka kuanzia 1901 hadi 1916. Watu wa kundi lake walichoshwa na marembo ya mashine ya enzi za Malkia Victoria. Walitaka ubao uonekane ni ubao, kiungo kionekane ni kiungo, na nyumba iwe ya familia inayojipikia na kujifagilia yenyewe. Matajiri wa Pasadena waliwaita ndugu wawili, Greene na Greene, wawajengee za kifahari. Nyumba ya familia ya Gamble, ya mwaka 1908, leo watu wanalipa kiingilio kuiona. Lakini mafundi wa mitaani walijenga zao kwa michoro ya kununua, na kampuni ya Sears, kati ya 1908 na 1940, iliuza nyumba kwenye katalogi kama ilivyouza cherehani. Mbao, misumari, milango na rangi vinakuja na treni, wewe tafuta mafundi.

Basi nikaanza kutafuta. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba neno Craftsman kwenye matangazo ya nyumba halina maana tena. Nilizungushwa hadi vitongoji vipya vilivyojengwa juzi, nyumba ya ghorofa, gereji ya magari mawili imekaa mbele kama mdomo wazi, na pembeni wamebandika nguzo mbili za plastiki. Dalali ananionyesha nguzo. Niligonga moja kwa kidole ikalia kama ndoo. Bangalo ya kweli utaitambua kabla hujashuka kwenye gari: paa limetoka nje ya ukuta sana, ncha za mapau zinaonekana wazi chini yake, nguzo za kibaraza ni nene chini na nyembamba juu, zimekalia nguzo fupi za matofali, mlango wa mbele unakuingiza sebuleni moja kwa moja, hakuna ukumbi wa kupokelea wageni wakubwa.

Jambo lililonisaidia kuliko matangazo yote ni reli. Mitaa hii ilizaliwa na tramu. Mwanzoni mwa karne iliyopita mfanyakazi hakuwa na gari, hivyo viwanja viliuzwa kandokando ya njia ya tramu, umbali wa kutembea kwa miguu. Tramu zilikufa zamani, lakini barabara zake hazikuhama. Ukiona barabara ndefu iliyonyooka kutoka katikati ya jiji, yenye maduka madogo ya zamani kila baada ya makutano kadhaa, ingia mitaa miwili mitatu kulia au kushoto. Utazikuta zimejipanga. Nilikuwa pia naenda kwenye ramani za Sanborn, zile zilizochorwa kwa ajili ya kampuni za bima ya moto. Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka nyingi kwenye intaneti bure. Nyumba za mbao zimepakwa njano, za matofali waridi, na herufi D inaonyesha makazi. Rekodi za kodi zinaweza kukwambia nyumba ni ya mwaka fulani kwa kukisia tu. Ramani inakuonyesha kama ilikuwepo au haikuwepo.

Mtaa wa kwanza tulioupenda ulikuwa upande wa Highlands, karibu na Deer Park. Bangalo za kukutoa machozi. Bei yake pia. Nyumba iliyokuwa na vyumba viwili walitaka zaidi ya dola 300,000, na sisi mkopo tuliokuwa tumeidhinishiwa haukufika hata dola 160,000. Tukaondoka.

Hapo Baba Neema akasema kitu ambacho sikukipenda siku ile: "Mama Neema, usitafute mtaa wa bei nafuu. Tafuta kwa nini ni nafuu." Mtu wa zamu ya usiku ana muda mrefu wa kuwaza.

Tukaanza kuuliza kwa nini. Portland, kaskazini magharibi, kando ya mto Ohio, nyumba za zamani bei ya kutupa. Kwa nini? Mto. Januari 1937 Ohio ilifurika ikameza sehemu kubwa ya jiji. Ukuta wa kuzuia maji ulijengwa baadaye, lakini kumbukumbu ya maji haikaushwi na ukuta, na mitaa ile haikuwahi kurudishiwa fedha. Upande wa magharibi, Shawnee na Chickasaw, nilikuta bangalo nzuri kuliko hata zile za Highlands, matofali, vioo vya rangi kwenye madirisha madogo ya pembeni ya meko, na bei nusu. Kwa nini? Hapa jibu ni refu na halina mto.

Mwaka 1914 jiji la Louisville lilitunga sheria ya kumzuia mtu mweusi kuhamia mtaa wenye wazungu wengi, na kinyume chake. Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta mwaka 1917. Basi yaliyokatazwa kwenye sheria yakahamia kwenye hati za viwanja na kwenye meza za mabenki. Miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji, likapaka mitaa kijani, buluu, njano na nyekundu. Nyekundu maana yake usikopeshe hapa. Mitaa kadhaa ya upande wa magharibi ikapakwa nyekundu. Nyumba ndogo alikokulia Muhammad Ali, Grand Avenue, iko upande huohuo. Nilisimama mbele yake na Neema, imepakwa waridi, nikamwambia huyu bwana alikuwa anarudi hapa kutoka shule. Akaniuliza kama tutakaa karibu naye.

Hatukukaa, na nitasema ukweli wa sababu: usafiri. Mimi sina gari, kazi yangu iko kusini, mabasi mawili usiku ni mateso. Sikuiogopa mitaa ile, na watu walionitisha nayo wengi wao hawakuwahi kushuka kwenye gari pale. Dada mmoja wa kanisani alinunua Chickasaw mwaka uliofuata na hajajuta.

Sisi tukaangukia Beechmont, kusini, karibu na bustani ya Iroquois. Mtaa wa tramu, bangalo za kutosha, na majirani kutoka kila kona: Wakuba, Wavietinamu, Wasomali, Wakongo. Dukani nilisikia Kiswahili kabla sijafika kwenye mchele. Bei inashikika. Kwa nini? Sikuhitaji kuuliza. Nimesimama kwenye kibaraza cha nyumba ya kwanza, ndege ya mizigo ikapita juu, dalali akafunga mdomo katikati ya sentensi, akasubiri, akaendelea.

Ndege zile ndizo zinazomlipa mume wangu. Uwanja uko hapo hapo mashariki, na mtaa jirani uliokuwa ukiitwa Highland Park ulinunuliwa nyumba kwa nyumba ukabomolewa kupisha upanuzi wa uwanja. Beechmont ulinusurika, na kelele ikawa ndiyo punguzo lake. Tulikwenda kukaa ndani ya gari la Baba Neema mtaani saa nane usiku, mara tatu, siku tofauti, watoto tumewaacha kwa jirani. Baba Neema anazihesabu ndege kwa majina kama mchungaji na ng'ombe wake. Mara ya tatu nililala. Tukaamua kelele hiyo tunaiweza.

Dalali wetu alikuwa mama wa Bukavu, mfupi, mkali, hana habari na marembo. Nyumba tuliyoipenda ilijengwa miaka ya 1920, na mimi nilishaanza kulia sebuleni. Kulikuwa na makabati ya vitabu yaliyojengewa ukutani, mbao za mwaloni, na hakuna mtu aliyewahi kuyapaka rangi. Hilo ndilo utakalolikuta kwenye mitaa isiyo na fedha: kule Highlands nilikopita, nyumba nyingi mwaloni umepigwa rangi nyeupe, kuta zimevunjwa jiko liungane na sebule. Huku hakuna aliyekuwa na fedha za kuharibu. Nikashika mlango wa kabati, kioo chake kina mawimbi, ukisogeza kichwa mti wa nje unacheza.

"Mama, we unaangalia tu sura," akaniambia mama wa Bukavu. "Twende kwanza tuone tumbo yake."

Tumbo lilikuwa besimenti, chumba kilicho chini ya nyumba. Dola 450 tulimlipa mkaguzi, na 200 zaidi za kuingiza kamera kwenye bomba la maji machafu. Mimi nilitaka kuokoa zile 200. Mama wa Bukavu alinitazama tu. Fundi akasukuma waya, sisi watatu tumeinamia kioo kidogo kama watu wanaotazama mpira kwenye simu. Bomba la udongo wa kuchoma, vipande vifupi vifupi vimeunganishwa. Mita ya kwanza safi, ya pili safi, halafu kwenye kiungo ikatokea kitu kama ndevu. Mizizi ya mti wa mpapai, nikasema kimoyomoyo, maana hofu inakurudisha kwenu. Ilikuwa mizizi ya mti mkubwa wa mbele, uleule uliokuwa ukinichezea kwenye kioo. Mita chache mbele, kipande kizima kimebonyea na maji yametuama. Fundi akataja dola 7,400. Bomba lililo ndani ya kiwanja chako ni mzigo wako, jiji halihusiki.

Darini hali ikawa nyingine. Sehemu ya nyumba ilikuwa bado na nyaya za umeme za kwanza, zile zilizotandazwa moja moja juu ya vishikizo vya kauri vyeupe, zimevikwa kitambaa. Nyaya hizi zikiachwa kama zilivyo zinaweza kuishi miaka mingi. Ubaya ni kwamba watu wameziunga hovyo kwa miaka tisini, na wengine wamezifukia kwa pamba ya kuzuia baridi, joto halina pa kutokea. Lakini shida yangu haikuwa moto, ilikuwa bima. Kampuni mbili zilikataa kabisa, ya tatu ikasema nitakupa siku 60 uzibadilishe. Bila bima hakuna mkopo, bila mkopo hakuna nyumba. Ningewashauri ndugu wanaotafuta nyumba za aina hii wapige simu za bima kabla ya kutoa ofa, siyo baada yake kama mimi, nikiwa nimesimama kwenye korido ya kazini na simu sikioni, mzee wangu ananiita.

Walitaka 149,000. Kwa ripoti ile mkononi tulishuka hadi 138,000, na muuzaji akarekebisha bomba. Mkopo tulichukua ule unaodhaminiwa na FHA, shirika la serikali ya Marekani la kudhamini mikopo ya nyumba, kianzio asilimia 3.5. Ukanikwaza mahali ambapo sikutegemea: mthamini wao alikuta rangi imebambuka kwenye nguzo za kibaraza, na kwa nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 hilo halipiti, kwa sababu kabla ya mwaka huo rangi za nyumba ziliruhusiwa kuwa na madini ya risasi. Wiki tatu tukasubiri kipande cha rangi kikwanguliwe. Risasi si mzaha ukiwa na mtoto anayetambaa. Dirisha la zamani kila ukilifungua linasaga rangi kuwa vumbi, na vumbi hilo mtoto analilamba kwenye vidole. Tulimpeleka mdogo akapimwa damu kabla ya kuhamia na mara mbili baadaye. Yuko salama.

Kuna ruzuku niliyoikosa pia. Kentucky inampunguzia kodi mwenye nyumba ya kihistoria anayoishi mwenyewe, asilimia 30 ya gharama za ukarabati, mradi utumie angalau dola 20,000 na kazi ikubaliwe. Nilishaipigia mahesabu. Kumbe lazima nyumba yako iwe kwenye orodha ya kitaifa ya mahali pa kihistoria, yenyewe au ndani ya eneo lililoorodheshwa; yetu haikuwemo, na mstari wa eneo ulikomea mitaa miwili kabla yetu. Kuuona mtaa wa zamani kwa macho ni jambo moja, kuwemo kwenye orodha ni jingine. Halafu kuna orodha na orodha: kuorodheshwa kitaifa hakukuzuii kubadilisha nyumba yako kwa fedha zako, ila ukiwa kwenye eneo linalolindwa na jiji lenyewe, kama Old Louisville au Clifton, hata dirisha la mbele unaliombea kibali.

Siku ya kusaini, kwenye rundo la karatasi, kulikuwa na nakala ya hati ya kwanza ya kiwanja. Sijui ilinivutia nini, nikaisoma. Mstari wa katikati ulisema kiwanja hiki kisiuzwe, kisipangishwe wala kukaliwa na mtu asiye mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Mwanasheria akaona nimekwama. Akasema hayo maneno hayana nguvu, mahakama ziliacha kuyatekeleza mwaka 1948 na sheria ya 1968 ikayapiga marufuku, lakini karatasi hubaki karatasi. Baba Neema akaniuliza kwa Kiswahili, "Kuna nini?" Nikamwambia kuna sehemu ya kusaini. Nilimweleza jioni.

Madirisha ndiyo yamenifanya niwe fundi nisiyetegemea. Yako kumi na mawili, ya kupandisha na kushusha. Ndani ya ukuta, kila upande, kuna kipande kirefu cha chuma kinaning'inia kwenye kamba, kamba inapita kwenye kapi juu, imefungwa kwenye fremu. Unapandisha kioo kwa vidole viwili, chuma kinashuka kukusaidia. Kamba zote zilikuwa zimekatika. Mtu wa kuuza madirisha mapya alikuja, akayaita takataka, akaandika 11,000 kwenye karatasi. Jirani, mzee wa Kivietinamu, akaja na bisibisi, akafungua kijimlango ubavuni mwa fremu ambacho mimi nilikuwa napaka rangi juu yake, akaingiza mkono hadi kiwiko, akatoa kile chuma kimejaa kutu na utando. Kamba ya pamba, dola tisa. Nimemaliza tisa, yamebaki matatu, na moja limegandishwa na rangi kiasi kwamba nimeliacha liitwe ukuta.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kibarazani nachambua mchele. Nyumba ya ng'ambo ya barabara imewekwa kibao cha kuuzwa. Wanataka 265,000, na wamepaka mwaloni rangi nyeupe. Wakaja vijana wawili, mke na mume, pengine wametokea Highlands, wanapiga picha ncha za mapau na nguzo za kibaraza. Yule dada akanipungia mkono, nikampungia. Dalali wao alikuwa anaongea kwa furaha, mikono juu. Halafu ndege ikaja kutoka kusini, chini kabisa, tairi zimetoka. Dalali akafunga mdomo. Wale vijana wakainua vichwa, wakaifuata kwa macho mpaka ikapotea nyuma ya paa langu, kisha wakatazamana.